Ndugu Wawili wa Bi Kimya, Karani wa Mazungumzo ya Darajani

Huu ni wasifu wa marehemu aliyejulikana wizarani na mtaani kwa jina la Bi Kimya. Umeandikwa na mdogo wake, ambaye ndiye anayeusoma. Kwa kuwa wasifu wa marehemu hauna "mimi" ndani yake, humu ataitwa mdogo wake, au Redio, jina alilopachikwa nyumbani akiwa na miaka minne na ambalo hakuliomba.

Marehemu aliacha agizo moja tu kuhusu maneno haya: kwamba mwishoni, pale wanapotajwa aliowaacha, watajwe ndugu zake wawili wa kike. Sasa, wengi mliokuja leo mliwajua wazazi wa marehemu. Walizaa mabinti wawili, basi. Ukimtoa marehemu anabaki mmoja. Huyo wa pili anatoka wapi, na kama atasomwa au hatasomwa, mtasikia tukifika huko. Redio analala na swali hilo tangu Jumatano, na kusema kweli halali.

Marehemu alizaliwa siku ya Alhamisi, tarehe 9 Juni 1949, saa nne asubuhi, katika zahanati ya reli. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi wa taa za reli na mkewe, mshonaji wa sare. Mama yao alisimulia mpaka anazeeka kwamba mtoto yule alitoka bila kulia. Mkunga alimpiga kofi la kwanza, akampiga la pili, naye akamtazama tu kama anayesubiri maelezo. Mdogo wake alizaliwa tarehe 2 Februari 1952, na inasemekana alilia mpaka Machi. Walikulia nyumba namba 14, vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, na walilala kitanda kimoja kwa miaka ishirini na miwili. Miaka ishirini na miwili. Atakayetaka kupima nani alikuwa karibu na marehemu aanzie hapo.

Alisoma shule ya msingi ya watoto wa wafanyakazi wa reli, 1956 hadi 1963. Darasa lake lilikuwa la mwisho upande wa mto, na dirishani daraja lilionekana lote, huku na ng'ambo. Tarehe 3 Septemba 1961 nchi hizi mbili, yetu na ya ng'ambo ya mto, zilivunja uhusiano. Baba yao alipokea amri ya kuwasha taa nyekundu darajani mpaka atakapoambiwa vinginevyo, naye alistaafu na akafa bila kuambiwa vinginevyo. Kuanzia siku ile hakuna treni, hakuna barua, hakuna simu. Waliokuwa na shangazi ng'ambo waliacha kusema kwamba wana shangazi.

Baada ya sekondari marehemu aliingia chuo cha makarani, akahitimu mwaka 1969 katika upigaji chapa na hati mkato, ile ya vijistari na vinukta inayomwezesha mtu kuandika kwa kasi ya msemaji. Alifikisha maneno mia na kumi na nane kwa dakika. Mdogo wake alipita chuo kilekile miaka miwili baadaye, akafikisha mia na thelathini na mawili. Vyeti vyote viwili vipo, anayetaka kuvilinganisha aje nyumbani.

Mwaka 1970 aliajiriwa Wizara ya Mambo ya Nje, ghorofa ya tatu, chumba kilichotazama ukuta. Mdogo wake aliajiriwa 1972, ghorofa ya pili, idara ya usafiri. Kazi ya mmoja ilikuwa kuchapa barua za mabalozi. Kazi ya mwingine ilikuwa kuchapa vibali vya magari, na hakulalamika, au alilalamika kidogo. Halafu ikaja tarehe 12 Mei 1987. Wakubwa wa nchi zote mbili walikuwa wamekubaliana, kwa kupitia kwa watu wa tatu, kwamba wakae mezani baada ya miaka ishirini na sita ya kununiana. Ilihitajika karani mmoja wa kuandika kila neno. Waliitwa dada wote wawili siku hiyohiyo, wakakaa benchi moja nje ya ofisi ya katibu mkuu, wakaingia mmoja mmoja. Redio alitangulia, akaandika kwa kasi yake. Marehemu akafuata, akatoka, wakarudi nyumbani pamoja kwa miguu. Jumatatu ilitangazwa kwamba aliyechukuliwa ni marehemu. Redio hakuambiwa sababu, na alipomuuliza dada yake, dada yake alisema chai inapoa. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Mazungumzo yalifanyika katika jengo la zamani la forodha, katikati ya daraja. Jengo lilikuwa na milango miwili, mmoja kwa kila nchi, ili asiwepo wa kusema mwenzake alimtangulia. Ukutani kulikuwa na saa mbili, kwa sababu tangu ugomvi ng'ambo walirudisha saa zao nyuma nusu saa makusudi wasilingane na sisi. Miezi minane ya kwanza wajumbe walibishania saa ipi itumike. Mwisho wakakubali kwamba kila kikao kiandikwe kimeanza mara mbili. Baada ya hapo ndipo wakaanza kugombania mambo yenyewe, yaani daraja, maji ya mto na wafungwa.

Kila upande ulikuja na karani wake. Wa ng'ambo alikuwa mwanamke mrefu mwenye miwani minene, na mnamwona leo amekaa pale, kwa hiyo ataitwa Bi Miwani. Kazi ya makarani hawa ilikuwa na utaratibu wake. Kila kikao kikiisha, saa nane mchana, wajumbe walikwenda kula, na makarani wawili walifungiwa katika chumba kidogo kilichokuwa cha kupimia vifurushi, mizani bado imo, mpaka kumbukumbu zao zilingane neno kwa neno. Mmoja husoma, mwingine hufuata kwa kalamu. Sentensi ikiwepo kwa mmoja na isiwepo kwa mwenzake, njia ni mbili: waiandike wote, au waifute wote. Hakuna ya tatu. Wakuu wa nchi hawakuweza kuaminiana hata kwa salamu, lakini waliamini karatasi mbili zilizolingana.

Piga hesabu mwenyewe. Miaka kumi na mmoja, vikao mia tatu na kumi na viwili, saa mbili au tatu kila mara, watu wawili, chumba kimoja na ufunguo uko nje. Mtu aliyeshinda hasemi nyumbani, kule alikuwa anasema. Redio alijua hivyo kwa sababu marehemu alianza kurudi na vitu. Alirudi na sweta ya kijani iliyofumwa kwa mkono wa mtu. Alirudi akinywa chai bila sukari. Siku moja ya mwaka 1989 alirudi akicheka peke yake tangu kona ya karakana, na alipobanwa sana akasema walikosea kuweka sahihi: yeye alisaini pa karani wa ng'ambo, Bi Miwani akasaini pa karani wa kwetu, na karatasi zikaondoka hivyo. Kwa siku tatu, kwa mujibu wa hati za serikali mbili, Bi Kimya alikuwa mtumishi wa adui. Ilibidi mawaziri waandikiane kurekebisha, na ile ikawa barua ya kwanza ya adabu kati yao tangu 1961. Watu wote mtaani walikicheka kisa hicho. Redio alicheka pia, kwa meno.

Lipo na jambo ambalo Redio amelijua juzi tu, kutoka kwa Bi Miwani mwenyewe. Machi 1993, kuhusu maji ya mto, mkuu wa ujumbe wetu alishikwa na hasira akatoa tusi juu ya mama wa mwenzake. Mezani palikuwa na kelele na wengi hawakusikia sawasawa, lakini makarani walisikia, kwa kuwa ndiyo kazi yao. Lingesomwa katika kumbukumbu, mazungumzo yangevunjika siku ileile. Saa nane wakafungiwa. Walikaa wakitazamana mpaka chai ikaja na ikapoa. Kisha Bi Miwani, ambaye aliyetukanwa alikuwa mtu wa kwao, akachukua kalamu akalifuta, na marehemu akafuta. Katika kurasa elfu nne ndiyo sentensi pekee waliyoifuta. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 20 Novemba 1998. Treni ya kwanza ilivuka wiki mbili baadaye, na marehemu alistaafu mwaka 2004 akiwa na cheti cha utumishi mwema na maumivu ya shingo.

Kuhusu ndoa: marehemu alifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1974 na msoma mita za maji, mtu mpole, marehemu sasa. Kabla ya hapo alikuwa akija namba 14 kila mwisho wa mwezi, na aliyekuwa akimfungulia mlango, kumwekea kiti na kumchekesha alikuwa Redio. Marehemu alikuwa akipita tu na ndoo. Tuyaache hayo. Walijaliwa mtoto wa kike na wa kiume, na waliishi kwa masikilizano mpaka mume alipotangulia mwaka 2011. Shemeji huyo alimwambia Redio siku moja kwamba naye alimwonea wivu Bi Miwani, lakini aliamua kwamba wivu ni kidonda, akaenda zake kusoma mita. Redio hakuwa na mita za kusoma.

Tarehe 6 Agosti 2021 marehemu alipatwa na kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa na maneno yakapungua, ingawa kwa Bi Kimya watu walichelewa kugundua hilo. Watoto wanafanya kazi mbali. Mdogo wake alifunga nyumba yake, akahamia kwake, na kwa miaka miwili na miezi miwili alimwogesha, akamlisha, akamgeuza kila baada ya saa tatu ili mgongo usichubuke. Hasemi haya apewe pongezi. Anasema kwa sababu kila Ijumaa saa kumi simu ililia kutoka ng'ambo, na mgonjwa ambaye wiki nzima alijibu kwa kope alikuwa akiamka tangu saa nane, akionyesha kwa mkono wa kushoto achanwe nywele. Kuchanwa nywele, kwa ajili ya simu! Redio alimchana, akamshikia simu sikioni mpaka mkono ukafa ganzi, na hakuambulia hata neno moja la kilichozungumzwa, maana Bi Miwani alinong'ona na marehemu aliguna tu. Aliguna vizuri, lakini. Redio hakuwahi kuguniwa hivyo.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 17 Oktoba 2023, saa moja asubuhi, nyumbani kwake, kitandani, akiwa na umri wa miaka sabini na minne. Mdogo wake alikuwa amemshika mkono. Bi Miwani hakuwapo. Hilo nalo liandikwe.

Jumatano mtoto wa kike wa marehemu alikuta karatasi chini ya godoro, imeandikwa kwa mkono wa kushoto, vijistari vitupu. "Mama mdogo," alisema, "haya wewe ndiye unayeyajua." Redio aliyasoma kwa sekunde tano. Yalisema: Watajwe ndugu zangu wawili. Redio, utabisha. Bisha, halafu usome. Mtoto akauliza mama amesemaje. Redio akajibu ni mambo ya mazishi tu, akaikunja karatasi, akaitia mfukoni mwa gauni. Kati ya waliomjua marehemu walikuwa wamebaki watu wawili wa kuweza kuisoma, na mmoja alikuwa ng'ambo. Siku hiyohiyo Redio akaandika wasifu huu, na mwishoni akaweka ndugu mmoja.

Alhamisi Bi Miwani akafika kwa treni ya asubuhi. Ana miaka sabini na sita na magoti hayamtii, na alikataa kubebewa mkoba. Alilia kwa muda wake, akanawa uso, akakaa mezani jikoni, akatoa karatasi tatu zilizochapwa. Alikuwa ameandika wasifu wa kwake.

"Nimekuja tulinganishe, mdogo wangu," alisema.

Redio alimwambia yeye si mdogo wake. Bi Miwani akasema sawa, akavua kifuniko cha kalamu. Basi wakaanza, Redio akisoma, Bi Miwani akifuata, kama ilivyokuwa ikifanywa kule kwenye mizani. Tarehe zililingana. Zahanati ililingana, taa nyekundu ililingana, hata kofi la mkunga alikuwa nalo. Palipokuwa na upungufu waliongeza wote, na ndivyo lile tusi la 1993 lilivyoingia humu. Wakafika kwenye mwaka 1987. Hapo Bi Miwani alimsimamisha, akasema kwake kuna sentensi ambayo Redio hana. Akaisoma kwa sauti ya kazi, bila kuinua macho: alipoulizwa na katibu mkuu juu ya mdogo wake, marehemu alijibu kwamba mdogo wake anamshinda kasi lakini hana kifua, siri haikai kwake. Neno hilo lilimtesa mpaka mwisho, na hakupata moyo wa kulisema nyumbani.

Miaka thelathini na sita Redio alidhani kwamba mkono wake ulitetemeka siku ile. Kumbe ni dada. Na si hilo lililomchoma zaidi. Lililomchoma ni kwamba alikosewa Redio, akaombwa radhi Bi Miwani. Hata majuto yake marehemu aliyavusha mto.

Bi Miwani alisubiri kalamu mkononi. Aliuliza kama wafute wote au waandike wote. Redio alizunguka jikoni mara mbili, akakaa, akasema waandike. Ndiyo maana mmeisikia.

Wakafika mwisho. Redio akasoma kwamba marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano na mdogo wake mmoja. Bi Miwani akafuata kwa kalamu, na kwake ilikuwa imeandikwa hivyohivyo: mdogo wake mmoja. Hakujihesabu. Aliweka alama ya kulingana, akaanza kufunika kalamu. Kazi imekwisha, karatasi mbili ni sawa, ndugu ni mmoja, na ushahidi uko mfukoni mwa gauni ambako hakuna atakayeuona mpaka dunia iishe. Redio alikuwa ameshinda. Alishinda kwa muda wa kumimina chai kikombe kimoja. Kikombe kilipojaa akaiweka birika chini, akatoa karatasi mfukoni, akaisukuma mezani. Dada yake alisema kweli, kifua hana.

Bi Miwani alisoma. Alivua miwani akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa, akasoma tena.

"Tunaweza kuifuta," alisema. "Wewe ndiye uliyemwogesha. Tulishafuta mara moja kwa ajili ya amani, na hakuna aliyetulaumu. Futa, nami sikuiona."

Redio alitamani. Mbele ya jeneza hili hatasema uongo, alitamani sana, na kalamu ilikuwa karibu na mkono wake kuliko kikombe. Lakini alikuwa amekaa kwenye kazi aliyoililia tangu mwaka 1987, na karani haandiki anachokipenda, anaandika kilichosemwa.

"Ile mliyoifuta ilikuwa tusi," alimwambia. "Hii si tusi."

Wakaiandika wote wawili. Bi Miwani akamshukuru, akamwita tena mdogo wangu. Safari hii Redio hakukataa.

Marehemu ameacha mtoto wa kike na mtoto wa kiume, wakwe wawili, wajukuu watano, na ndugu wawili wa kike. Wa kwanza ni huyu anayesoma, ambaye bado ana wivu na anaomba asiulizwe utaisha lini. Wa pili ni karani wa ng'ambo. Redio anaandika haya Alhamisi jioni na anajua kwamba siku ya mazishi mtu huyo atakwenda kukaa safu za nyuma na wageni, kwa adabu zake. Basi neno hili likifika asimame, aje mbele, akae kwa wafiwa. Vijana mshikeni mkono, magoti yanamsumbua. Hatutaendelea mpaka akae.

Alale salama dada yetu.